Nina kasi kuliko wote kwenye skwadi, mbona mzee ananipiga kila mechi?

SWALI: Kocha shikamoo. Napiga 9mm daraja la Production (bastola za kiwandani zisizobadilishwa sana), huu mwaka wa pili niko kwenye mashindano ya IPSC (ya kupiga shabaha, kasi na usahihi vinahesabiwa pamoja). Kwa kasi naona niko vizuri, spliti zangu (muda wa risasi moja mpaka inayofuata kwenye shabaha ileile) ni 0.18. Ila kwenye skwadi yetu kuna mzee mmoja anapiga taratibu kama mtu anayetafuta miwani yake, spliti zake 0.25, na matokeo yakitoka yuko juu yangu kila siku. Mechi iliyopita kwenye steji (kituo kimoja cha mechi) ya risasi 24 nimemaliza kwa sekunde 14.2, yeye 16.8, na bado kanipiga vibaya. Mimi nilipata A 13 (katikati ya shabaha), C 6 na D 3 (pembeni zaidi) na misi 2 (zilizokosa kabisa). Yeye A 21 na C 3. Pia risasi zangu nyingi zinatua chini kushoto, natumia mkono wa kulia. Washkaji wanasema nibadilishe triga, wengine wanasema nihamie bastola yenye doti (kioo chenye nukta ya kulengea). Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianze na chochote, rudisha pochi mfukoni kwanza alafu tupige hesabu, maana jibu lako lote umeliandika mwenyewe hapo juu na hujaliona.

Production inahesabiwa Minor (risasi za nguvu ndogo) kwahiyo A ni pointi 5, C ni 3, D ni 1, na misi inakukata 10. Wewe 13 mara 5 ni 65, C sita ni 18, D tatu ni 3, jumla 86, toa 20 za misi unabaki na 66. Gawanya kwa 14.2, hiti fakta yako (pointi kwa kila sekunde) ni 4.65. Mzee 105 kujumlisha 9 ni 114, gawanya kwa 16.8 ni 6.79. Steji ina pointi 120, tuseme yeye ndo kaongoza, anabeba 120 zote na wewe unapata asilimia yako ya hiti fakta yake, kama 82 hivi. Umemuacha sekunde 2.6 ukapoteza pointi 38 kwenye steji moja tu, na hata zile misi mbili zingekuwa A zote ungefika 6.76, bado uko nyuma yake kidogo.

Sasa fanya kitu ambacho watu wengi wanapiga miaka mitano hawajawahi kukifanya, geuza pointi ziwe sekunde. Kwenye steji ya hiti fakta 6.8 kila pointi ina thamani ya kama sekunde 0.15. C badala ya A umepoteza pointi 2, ni kama umesimama 0.3 hufanyi kitu. D ni 0.6. Misi umekosa 5 zako na umekatwa 10, jumla 15, hiyo ni sekunde 2.2 nzima!! Na ile kasi yako unayojivunia, 0.18 dhidi ya 0.25 ya mzee, tofauti ni 0.07, steji ina shabaha 12 za karatasi za risasi mbili mbili, kwahiyo spliti ziko 12, zidisha unapata 0.84. Yani faida yote ya vidole vyako steji nzima haifiki hata nusu ya misi moja.

Najua unasubiri nikutajie ile methali ya haraka, sikutajii, kwa sababu kwenye huu mchezo haraka ina baraka zake na zinahesabika. Steji fupi ya shabaha za karibu watu wanafika hiti fakta 10, hapo C inakugharimu 0.2 tu, pale achia mkono, ukijibembeleza unaliwa. Lakini steji ya shabaha za mbali, nusu zimefunikwa, ya hiti fakta 4, C moja ni nusu sekunde, hapo ukiwa na akili unaongeza 0.2 unachukua A yako. Kabla ya kupiga jiulize hii steji ni ya aina gani. Mzee wako anajua hilo, nakuapia, wala hatafuti miwani.

Twende kwenye chini kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia karibu kila mara sio bastola, ni wewe unaisukuma kabla haijalia. Mwili unajua mlipuko unakuja, kifundo cha mkono kinakaza, vidole vyote vinabana pamoja na kidole cha triga, mtutu unainama. Usiniamini mimi, jipime. Mpe mwenzako magazini zako akuchanganyie risasi za bandia ndani, mbili tatu, usijue ziko wapi, alafu piga taratibu shabaha ya mita 10. Ukifika kwenye ya bandia bastola itasema klik na utaona mtutu unavyoinama kama unachota maji. Watu wazima wanaona aibu hapo, mi mwenyewe niliona. Na angalia usije ukasogeza saiti (kilengeo cha juu ya bastola) ili zifidie, nimekutana na jamaa kasogeza saiti ya nyuma kulia mpaka imekaribia kudondoka, siku alipotulia akaanza kupiga juu ya ukuta wa kulia akasema bastola imeharibika.

Dawa iko kwenye mshiko. Mkono wa kulia ukae juu kabisa mpaka ukingo wa nyuma wa mpini, kusiwe na nafasi. Mkono wa kushoto ndo ufanye kazi kubwa ya kubana, kiganja kijaze ile sehemu ya mpini iliyobaki wazi, kidole gumba kielekee mbele, kifundo kikazwe kwa kuelekea chini mbele. Kulia kukiwa kumelegea kiasi, kidole cha triga kinapata uhuru wa kwenda peke yake. Wengi wanafanya kinyume, kulia kunabana kama anakamua nguo, kushoto kumeegeshwa tu kama mgeni. Alafu usijaribu kuzuia bastola isiruke, itaruka tu, unachotaka iruke na irudi palepale kila mara, na ukibana sawasawa inarudi yenyewe.

Kingine kuhusu triga, ushauri wa kuvuta polepole mpaka bastola ikushtukize ni mzuri wa kufundishia mgeni siku ya kwanza, kwenye steji hauna kazi, pale unahitaji kuvuta haraka bila saiti kucheza. Zoezi lake ni hili: bastola tupu, lenga ukutani, kidole kiko nje ya triga, taima ikilia vuta mara moja kwa nguvu na haraka kadri unavyoweza, angalia saiti ya mbele. Ikicheza, rekebisha mshiko, usipunguze kasi. Rudia. Dakika kumi kila siku zinatosha. Na kabla ya zoezi lolote la makavu (bila risasi) risasi zote zitoke nje ya chumba, sio mezani pembeni, NJE, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, mara mbili, lenga ukuta unaoweza kuzuia risasi, na ukimaliza umemaliza, usijaze bastola alafu ukasema ngoja nivute moja ya mwisho. Ajali za nyumbani zinatokea kwenye hiyo moja ya mwisho.

Muda wako halisi umelala kwenye macho. Mtu akiwa na 0.18 ukutani kwenye shabaha moja anadhani ana kasi, kumbe kati ya shabaha na shabaha anachukua 0.6 kwa sababu anahamisha bastola kwanza alafu macho yanaifuata kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Macho yaende kwanza. Risasi ya pili ikitoka tu, macho yaruke kwenye shabaha inayofuata na yatue kwenye kidoa kidogo, katikati ya A, sio kwenye lile karatasi zima la kahawia, alafu bastola ije yenyewe pale macho yalipo. Ukiangalia karatasi zima utapiga karatasi zima, na hizo C zako sita naamini zimetoka humo.

Na ujifunze kuisoma risasi yako wakati inatoka. Saiti ya mbele inaponyanyuka, ile picha ya mwisho uliyoiona ndo imekwambia risasi imeenda wapi. Mzee akipiga D anajua hapohapo, anaongeza moja, anaondoka, kwa sababu risasi mbili bora ndo zinahesabiwa. Wewe misi zako mbili hukuzijua mpaka mhesabu alipofika na karatasi, sivyo? Ungezijua ungelipa 0.25 ukaokoa 2.2.

Kutembea nitasema kwa kifupi. Sekunde nyingi zinapotea kwenye kufika na kuondoka, sio kwenye kukimbia katikati. Bastola iwe juu usoni kabla mguu wa mwisho haujatulia, na kwenye kuondoka uzito uwe umeshahamia unakokwenda wakati risasi ya mwisho inatoka. Production unaanza na risasi zisizozidi 15 kwenye magazini, kwahiyo steji ya 24 lazima ubadilishe walau mara moja, ibadilishie njiani miguu ikiwa inatembea, sio umefika umesimama ndo unapapasa kiunoni.

Hapo kwenye kubadilisha njiani ndo walinitoa mimi mechi yangu ya nne. Nilikuwa nakimbia kuelekea kushoto, na kwa mtu wa mkono wa kulia huo ndo upande mbaya, bastola nimeizungusha ili nione mdomo wa magazini, mtutu ukaangalia kushoto ninakokwenda, ukavuka zile nyuzi 90 kutoka mbele ambazo mtutu hauruhusiwi kuzivuka. Stop! Mechi imeisha, tena nilikuwa napiga vizuri. Nikabishana, nikasema haukuvuka, mtu mmoja alikuwa amerekodi video nikaona mwenyewe nikanyamaza. Toka siku ile nikikimbia kushoto nabadilisha viwiko vikiwa karibu na kifua na mtutu nausukuma uangalie ukuta wa mbele hata kama inaniongezea 0.2. Na kidole nje ya kilinda triga muda wote unapotembea na kubadilisha, kionekane wazi, ofisa wa mechi hana haja ya kukuuliza ulikuwa unafikiria nini.

Sasa vifaa. Triga nyepesi haitaponya mkono unaosukuma, itafanya usukume mapema zaidi, na Production ina kikomo cha uzito wa triga na inapimwa kwenye mechi. Doti ni nzuri sana na ina daraja lake, Production Optics, ila mi nawaambia watu doti ni mmbea, itakuonyesha kila mtetemeko wa mkono wako bila kukusaidia kuuondoa, utakaa unaitafuta kwenye kioo kwa sababu mshiko haurudishi bastola palepale. Ukitengeneza mshiko alafu bado unataka doti, nunua, tena kama macho yameanza kuchoka nunua mapema. Sasa hivi saiti ya mbele yenye uzi wa faiba na ya nyuma nyeusi tupu inakutosha kabisa. Hela weka kwenye mkanda mgumu usiopinda, holsta isiyocheza, na magazini za kutosha zilizo na namba, ili ile inayokwama uijue kwa namba uitupe kwenye boksi la mazoezi.

Risasi zako umewahi kuzipima? Pawa fakta (kipimo cha nguvu ya risasi) ya Minor lazima ifike 125, uzito wa risasi kwa greini zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1000. Risasi ya greini 124 ikienda futi 1,010 ni 125.2, imepita kwa unywele, siku ikipungua kidogo kwenye kronografu (mashine ya kupima kasi ya risasi) unaendelea kupiga ila matokeo yako hayahesabiwi. Kaa 130. Mi napenda greini 147 kwenye futi 890 hivi, ni kama 131, bastola inasukuma badala ya kupiga teke, ila hilo ni la mkono wa mtu, jaribu zote mbili.

La kichwani. Umeandika "nimemaliza kwa sekunde 14.2, yeye 16.8", maana yake baada ya bipu ulikuwa unashindana na taima yake. Mpango wa steji unafanyika kabla: hesabu shabaha zote, panga ya kwanza mpaka ya mwisho, wapi unasimama, wapi unabadilisha magazini, alafu fumba macho uipige yote kichwani mpaka uone ile saiti ya mbele kwenye kila shabaha. Kama kuna shabaha unaiona kwa ukungu hujaisoma, rudi kaiangalie. Bipu ikilia hakuna mpango mpya, hata ukiboronga shabaha ya tatu, ya nne iko palepale ulipoiacha.

Kwa mwezi mmoja usiguse spliti kabisa. Piga mechi yako inayofuata kwa lengo moja, misi sifuri, andika A zako na sekunde za kila steji alafu nitumie hizo namba. Springi za magazini badilisha sasa hivi lakini, hujanitajia ila miaka miwili ya mazoezi nadhani zimeshalegea.