Diski haionekani? Weka bisibisi chini kwanza

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, hili niliwahi kulipia kwa aibu mbele ya mteja, kwa hiyo nawapa bure.

Mzee mmoja alikuja kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na laptopu mpya ya Intel kizazi cha 11. Alitaka apigiwe Windows 10 upya. Nikachomeka flashi, nikafika pale unapochagua diski ya kuwekea. Orodha tupu. Nikafungua mfuniko, nikatoa diski, nikapachika nyingine niliyojua ni nzima. Tupu vilevile. Mimi bila haya nikamwambia, "Mzee wangu, hii diski imekufa." Akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Mwanangu, imekufa saa ngapi? Mbona asubuhi nimeandikia barua humo?"

Kuanzia siku hiyo sitamki kifo cha diski kabla ya kumhoji mlinzi wake, yaani kontrola. Mfumo hauongei na diski moja kwa moja. Unaongea na kontrola kupitia draiva, programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho, na kontrola ikiwa mpya kuliko mfumo, draiva haipo, basi diski nzima kabisa itaonekana kama haipo.

Nilirudisha diski yake, nikawasha kwa flashi ya Linux, ambayo siku hizi haitoki mfukoni mwangu, nikaandika lspci -nnk. Ukiizoea amri hiyo utaokoa wateja wengi. Kila kifaa huja na namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili: ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ya kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 1022 ni AMD. Yake ilisoma 8086:9a0b, na chini yake draiva inayotumika: vmd. Nyuma ya hiyo, kwenye anwani inayoanza na 10000, diski imetulia tuli. Barua ya mzee ilikuwemo. Niliinakili pamoja na mafaili mengine yote kabla ya kugusa kitu kingine, nanyi fanyeni hivyo hivyo.

VMD ni tabaka la Intel linalosimama mbele ya diski za NVMe, zile za kasi zisizo na sahani inayozunguka. Flashi ile ya Windows 10 haikuwa na draiva yake. Dawa ni kuipakua, kuiweka kwenye flashi, kisha kuipakia palepale kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Wengi hukwama hapa: wanaweka lile faili moja la kubofya. Kisakinishi hakilitaki. Kinataka folda iliyokwisha kufunguliwa, yenye faili za .inf na .sys.

Kuna njia ya mkato, kuzima VMD kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka. Kwa diski inayofutwa haina neno. Kwa Windows iliyokwisha kuwekwa, utaletewa skrini ya bluu yenye 0x7B, na kama BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, imewashwa, mteja ataombwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hata hajui kama anao. Nimeshayafanya hayo, kwa mashine ya mhasibu, mwisho wa mwezi. Tusiendelee.

Upande wa Linux, kwanza jaribu keneli (kiini cha mfumo) mpya zaidi, maana mara nyingi kazi imeshafanywa na wenzako. Ikishindikana, tazama namba ya aina ya kontrola kwenye lspci ile ile. Ikiwa 0106 na inafuata AHCI, utaratibu wa pamoja wa kontrola za SATA, draiva ya ahci huipokea hata kama haijui jina lake. Ikiwa 0104, imejitangaza kuwa RAID, yaani ya kuunganisha diski kadhaa, na hapo ahci huikubali tu ikiwa namba yake imeandikwa kwenye orodha ndani ya draiva. Ukiwa na hakika kwamba ndani ni AHCI, unaweza kuitambulisha bila kukompaili chochote: andika namba zote mbili kwenye faili la new_id, ndani ya /sys/bus/pci/drivers/ahci. Diski ikitokea, usishangilie bado. Nakili faili kubwa, linganisha sha256sum (alama ya kipekee ya yaliyomo kwenye faili) za pande zote mbili, ilaze mashine, iamshe, rudia. Kontrola inayoonekana lakini inaharibu data ni mbaya kuliko isiyoonekana.

Halafu kuna initramfs, kifurushi kidogo ambacho Linux hupakia kwanza inapowaka, kabla ya kufungua diski. Draiva ikibaki ndani ya diski ambayo haisomeki bila draiva hiyo, umefungia funguo ndani ya nyumba. Kwenye Debian na Ubuntu, ongeza jina la moduli kwenye /etc/initramfs-tools/modules, kisha update-initramfs -u. Niliwahi kuhangaika mchana kutwa na seva ya ofisi moja Chumbageni, kumbe ni mstari huo tu.

Mzee wangu bado hupita hapa akienda sokoni. Nikimwamkia shikamoo, kabla hajaitikia huuliza, "Ile diski mlishaizika?"