Mashine pepe zinazoshikilia RAM

SWALI: Kompyuta yangu ya Linux ina RAM ya GB 16. Naendesha mashine pepe nne (kompyuta za kuigiza) za Linux kwa programu ya QEMU na KVM, kila moja nimeipa GB 4. Ndani yake amri ya free inaonyesha imetumika GB 1 tu, ila kwa nje kila QEMU imeshika karibu GB 4 na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) inajaa. Nimeondoa kadi ya sauti na USB za kuigiza, sioni nafuu. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeanzia penye kidogo. Hata kadi ya picha ya VGA ya QEMU hutengewa MB 16 tu. Sauti na USB hazifiki hapo. Tazama safu ya buff/cache kwenye hiyo hiyo free: GB 3 zako zimo humo. Linux ya ndani, yaani mgeni, hujaza RAM iliyo wazi kwa nakala za faili ilizosoma, na ukurasa (kipande kidogo cha RAM) ukishaandikwa mara moja, kompyuta yako ya nje, yaani mwenyeji, huuhesabu umechukuliwa. Mgeni akiuachia, mwenyeji hana habari.

Kwa hiyo punguza -m kwanza, yaani RAM unayompa mgeni, kwa MB. Weka -m 1536, uipe kazi yake nzito kuliko zote, kisha usome safu ya available. Ikikaribia sifuri, ongeza MB 256. Ukibana mno, kerneli (kiini cha Linux) ya mgeni itaua programu zako. Kwenye -drive, chaguo la diski, ongeza cache=none, la sivyo faili moja hukaa kwenye RAM mara mbili, ndani na nje.

Kisha weka puto, kifaa cha kuigiza kinachomrudishia mwenyeji RAM iliyoachwa na mgeni:

-device virtio-balloon-pci,free-page-reporting=on

Linataka QEMU 5.1 na kerneli ya mgeni 5.7 au zaidi. Hurudisha kurasa zilizo huru tu, na kashe ya faili haihesabiwi huru. Ndiyo maana -m hutangulia. Ukiwa umempa mgeni kifaa halisi cha PCI kupitia VFIO, RAM yake yote hufungwa tangu inapowaka, puto lisifae kitu.

Mashine zikifanana, washa KSM kwa mwenyeji, ili kurasa za RAM zinazofanana ziunganishwe kuwa moja:

echo 1 > /sys/kernel/mm/ksm/run

Baada ya muda soma pages_sharing katika saraka hiyo: 100,000 ni takriban MB 390 zilizookolewa. KSM hula prosesa kiasi, na usiiwashe kamwe wageni wakiwa wa wamiliki tofauti, kwani mmoja anaweza kupima muda wa kuandika na kubaini kilichomo kwa mwenzake.

Ukitaka bado kupunguza vifaa, tumia -nodefaults, ila utaje mtandao wewe mwenyewe. Usipoutaja, mgeni atawaka bila mtandao.