Nimemaliza hadithi juzi, mikono inaniwasha kuihariri

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa Mbagala, mchana nauza vocha na makava ya simu, usiku naandika. Nimemaliza hadithi fupi ya konda wa daladala aliyeokota mkoba wa hela kwenye gari. Nimeimaliza Jumapili saa nane usiku na yaani sikulala, nikaanza kuirudia palepale, Jumatatu tena, Jumanne tena, kila nikishika simu naifungua nabadilisha kitu. Rafiki yangu ambaye naye anaandika anasema niiache kwanza ipoe, nisiiguse kabisa, mi naona kama ananichelewesha tu manake nikiiacha joto lake litaisha na ntasahau nilichotaka kusema. Alafu kuna shindano, mwisho wa kupokea kazi ni wiki tatu kutoka leo. Nimekutumia nakala zote tatu uone nilivyoiboresha. Niendelee au niache?
Mwandishi wa usiku, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, wengi wanaoniandikia hapa wana hadithi tamu sana ambazo hazina mwisho, we umefika mwisho na unauza vocha mchana kutwa, sio jambo dogo hilo.

Nakala zako nimezisoma zote, nimezifungua kwenye kompyuta zote kwa pamoja nikawa nafuata mstari kwa mstari. Sentensi ya kwanza Jumapili ilikuwa "Jua lilikuwa kali sana siku hiyo." Jumatatu ikawa "Jua lilikuwa linachoma siku hiyo." Jumanne ikawa "Jua la siku hiyo lilikuwa kali mno." Umezunguka weee umerudi palepale. Ukurasa wa kwanza umeubadilisha karibu kila mstari, wa pili nusu, wa tatu maneno mawili matatu, na ukurasa wa tano wenye mwisho wa hadithi, ambao kusema kweli ndio unaohitaji kazi, haujaguswa hata nukta. Kila siku unaanzia juu, usingizi unakukuta njiani.

Na sasa hili usikasirike, mi limenichekesha. Gari yako inatoka Rangi Tatu inaenda Kariakoo, sawa. Ukurasa wa pili imefika kwa Aziz Ali, mama anashuka anasahau mkoba. Ukurasa wa tatu konda anagonga bodi anauliza "Zakhem wapo?" na abiria wawili wanashuka. Zakhem! Mtu wa Mbagala wewe, hiyo njia unaijua kuliko mimi, Zakhem iko hukohuko Mbagala, ukifika Aziz Ali ushaiacha nyuma zamani sana. Yaani gari imerudi kinyumenyume na hakuna abiria hata mmoja aliyepiga kelele, Dar es Salaam hii? Na limebaki hivyohivyo Jumapili, Jumatatu na Jumanne, siku zote tatu ulizokuwa unabishana na jua.

Huna shida ya macho. Hadithi bado iko kichwani mwako nzima nzima, kwa hiyo ukikaa kusoma unasoma unachokikumbuka, kilichoandikwa kinapita tu chini ya macho. Neno likirukwa kichwa kinalijazia, kituo kikikosewa kichwa kinakipanga. Msomaji hana hiyo ya kichwani, yeye ana karatasi tu, na jaji wa shindano naye ana karatasi tu, tena anazo nyingi na amechoka. Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi ila nadhani hakukueleza vizuri, hiyo kupoa ni kwako wewe, hadithi itakaa vilevile hata miaka kumi, anayetakiwa kusahau kidogo ni mwandishi.

Unasema joto litaisha. Liishe. Joto lilikufikisha mwisho wa hadithi, limemaliza kazi yake. Mtu akimaliza kuandika saa nane usiku anaona ama ameandika kitu ambacho dunia haijawahi kukiona, ama anaona aibu anataka kufuta kila kitu, na mara nyingi anapitia vyote viwili kabla adhana ya alfajiri haijasikika. Wote hao usiwape kalamu.

Swali ni uiache kwa muda gani, na hapa wakubwa wanatofautiana sana. Stephen King, yule Mmarekani wa riwaya za kutisha, anashauri rasimu ya kwanza ikae kwenye droo angalau wiki sita. Zadie Smith wa Uingereza anasema mwaka au zaidi ndio bora ila hata miezi mitatu inafaa. Alafu kuna Horace, mshairi wa Roma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yeye alisema uifungie mpaka mwaka wa tisa! Mi huwa najiuliza kodi alikuwa analipa nani, ila Horace alikuwa na tajiri aliyempa mpaka shamba, wewe una kibanda cha vocha na shindano la wiki tatu. Pia usisahau King na Smith ni watu wa riwaya, vitabu vya mamia ya kurasa, yako ni kurasa tano. Kwa kurasa tano siku kumi zinatosha kabisa. Wiki nzima inayofuata ndio unasahihisha, na bado unabakiwa na siku kadhaa za kuituma kwa utulivu, sio unatuma usiku wa mwisho mtandao unazunguka tu na wewe unatetemeka.

Hizo siku kumi hukatazwi kuwaza. Weka daftari pembeni ya kibanda, au jirekodi voisi, likija wazo andika mstari mmoja, "konda asirudishe hela zote", "mama atajwe jina", basi, funga, faili usilifungue. Hapo ile hofu ya kusahau itakuwa haina kazi. Utaona mwenyewe siku ukirudi kwenye hilo daftari, nusu ya mawazo yana maana na nusu nyingine hata hujui ulikuwa unasemaje, na hiyo nusu ya pili ndo ambayo sasa hivi ungeshaiingiza ndani ya hadithi. Na tafadhali usiirushe kwenye grupu la WhatsApp kupima upepo. Wakisifia hutabadilisha hata herufi, wakiponda utaibomoa yote, alafu kuna mashindano hayataki kazi ambayo ishasambazwa, soma masharti yako vizuri. Ila kinachosaidia kuliko vyote ni kuanza hadithi nyingine. Hata mbaya. Huyo mama aliyesahau mkoba mi ningependa kujua alifika nyumbani akasema nini, andika hiyo.

Siku ya kumi na moja nenda steshenari wakakuprintie. Usisome kwenye simu ileile uliyoandikia, macho yameshaizoea hiyo skrini. Mara ya kwanza soma mwanzo mpaka mwisho bila kalamu mkononi, ukae mahali ambapo hakuna mteja wa kukukatisha. Mara ya pili shika kalamu na shughulika na mambo makubwa tu, gari inapita wapi, hela zilikuwa ngapi (ukurasa wa pili laki nane, wa nne laki sita, mbili zimeenda wapi?), nani anajua nini na amejuaje. Anzia ukurasa wa tano, manake wa kwanza ulishapata haki yake na ya wenzake. Jua liache mwisho kabisa. Mara ya tatu soma kwa sauti, pale ulimi unapokwama weka alama, hapo ndo utasikia ulivyochanganya nyakati, "konda alishuka, anaangalia huku na huku, akaona hakuna mtu, anaogopa", kwenye karatasi inapita, mdomoni haipiti. Na hiyo simu yako izime kujisahihishia maneno, ukurasa wa nne konda amejificha chooni "akahesabu help moja moja." Nilikaa dakika nzima kabla sijaelewa ni hela.

Na ukishaituma usishangae hamu ikirudi. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa A Grain of Wheat mwaka 1967, na mwaka 1986 likatoka toleo alilolirekebisha yeye mwenyewe, karibu miaka ishirini kitabu kiko madukani na bado kulikuwa na maneno yanamkereketa. Basi wewe siku kumi utaziweza.

SWALI: Salaam dada mhariri. Mimi shida yangu ni kinyume. Niliandika riwaya nikaimaliza, nikaambiwa niiwache ipumzike kabla ya kuipiga msasa. Nimeipumzisha na sasa inaingia mwaka wa tatu. Kila likizo nasema hii ndiyo, likizo inaisha. Niseme ukweli, nikifikiria kuifungua tumbo linanisokota. Je, imeshaharibika?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu salama. Riwaya haiharibiki, na hiyo wala haijapumzika, umeikimbia. Ila una bahati moja ambayo huyo kijana wa Mbagala anaililia, umeshakuwa mgeni kabisa kwa kitabu chako, utakisoma kama cha mtu mwingine na utaona kila kitu, mazuri na mabaya. Nahisi hicho ndicho kinachokusokota tumbo.

Likizo ya Agosti siku ya kwanza lala. Siku ya pili fungua, soma kurasa ishirini, usisahihishe kitu, funga. Kesho yake ishirini nyingine. Ukiona mwanzo unakuchosha usikate tamaa, endelea hadi utakapojikuta unasoma bila kujilazimisha, weka alama hapo, riwaya nyingi sana za kwanza zinaanzia hapo na yote ya nyuma ni mwandishi alikuwa anatafuta mlango. Huyo Stephen King niliyemtaja juu ana hesabu yake, rasimu ya pili iwe ya kwanza ukitoa asilimia 10. Kama yako ina maneno 80,000 basi tafuta 8,000 ya kutoa, na kwa mwalimu aliyezoea kusahihisha insha za darasa zima, kukata ya kwako mwenyewe kutauma siku mbili tatu tu. Na safari hii ukiifunga tena, andika juu ya jalada tarehe ya kuifungua.

SWALI: Anti, mume wangu ananicheka nikirudia kuandika hadithi zangu, anasema mwandishi wa kweli anaandika mara moja tu, ukiona mtu anarudiarudia ujue hana kipaji. Ni kweli?
Mama Junior, Morogoro

JIBU: Mwambie shemeji hivi. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Ernest Hemingway, alipata Nobel mwaka 1954. Kwenye mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958 alisema ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 ndipo akaridhika. Aliyekuwa anamhoji akauliza kwani tatizo lilikuwa nini, akajibu ilikuwa ni kuyaweka maneno sawasawa, basi. Na baadaye walipopekua makaratasi yake zikapatikana namna 47 za kumalizia kile kitabu, mwaka 2012 wakazichapisha zote pamoja na riwaya yenyewe. Sasa kama shemeji anayo ya kwake aliyoiandika mara moja tu, aitume, tutaisoma.