Polianilini: Kuitia Asidi Ni Rahisi, Kazi Ni Kuizuia Isitoke

Polianilini ni plastiki inayoweza kupitisha umeme. Ile ya bluu, isiyo na asidi, karibu haipitishi kabisa: takriban Siemens (kipimo cha upitishaji umeme) 0.0000000001 kwa sentimita. Itie kwenye asidi hidrokloriki igeuke kijani, na kidonge chake kilichoshindiliwa hufika kati ya 1 na 10. Protoni za asidi hushika nusu ya atomi za nitrojeni, na chaji zinazozaliwa hapo ndizo zinazopitisha umeme. Nusu hiyo ikishajaa, kukoleza asidi ni kuiharibu bure.

Saga poda kwanza. Madonge hugeuka kijani juu juu kwa dakika chache huku ndani yakiwa bado bluu, kwa hiyo rangi isikudanganye. Gramu 1 itoshelezwe na mililita 100 za asidi hiyo ya molari 1 (mole 1 kwa kila lita), ukoroge saa 12 hadi 24. Asidi hiyo hupatikana kwa kumimina mililita 83 za asidi ya asilimia 37 kwenye maji, kisha kujaza hadi lita 1. Kamwe usimimine maji kwenye asidi.

Wengi huharibu kwenye kusuuza. Wanachuja, kisha wanamwagia maji matupu mpaka yatoke bila uchachu, na asidi waliyoihangaikia siku nzima inaondoka nayo. pH ikipita 4 hivi, bluu inaanza kurudi. Suuza kwa asidi ya molari 0.2, malizia na asetoni, kausha kwa nyuzi 60. Usizidishe moto: asidi hutoka kama gesi, na klorini nyingine hujipachika kwenye mnyororo wenyewe wa molekuli za plastiki. Hilo la pili halirekebishiki hata ukirudia kutia asidi.

Kwa filamu (utando mwembamba) inayopitisha mamia ya Siemens kwa sentimita, hidrokloriki haifai. Saga gramu 1 ya poda ya bluu na gramu 1.28 za asidi salfoniki ya kafuri, uyeyushe kwenye meta-kresoli (inaunguza ngozi, vaa glavu). Kloroformu ina mvuto wake, hukauka upesi, lakini minyororo hubaki imejikunja na upitishaji hushuka mara mamia. Kresoli huinyoosha.

Pima upitishaji kwa sindano nne za kipimo, si mbili. Mbili hukusomea na ukinzani wa maungio. Waya wa shaba usiuguse sampuli, asidi huula. Tumia dhahabu au kaboni, na andika unyevu wa hewa: sampuli ileile ikikauka sana husoma chini.