Re: Shamba la robo ekari Dagoretti, Nairobi, kazi ni ya mvua tu?

Ndugu, umeuliza kama baada ya mvua utapumzika. Sahau! Masika, Machi hadi Mei, ni mahindi na maharagwe. Vuli, Oktoba hadi Desemba, maharagwe tena. Hayo ni mepesi.

Julai, mwezi wa baridi, ndiyo hunitesa. Jua linachungulia saa saba mchana tu, na kwa ukungu wa baridi majani ya viazi yanaungua kama yamemwagiwa maji moto. Vifaranga nao nawawekea jiko la makaa bandani wapate joto, dirisha wazi kidogo. Mwaka jana nilifunga kabisa. Asubuhi nikakuta kumi na mmoja wamelala chali, wamekufa kwa gesi ya makaa.

Januari hadi Februari nepia, nyasi za kulisha ng'ombe, inakauka, ng'ombe anakukodolea macho. Kata mapema, anika, weka darini.