Pedali kuzama baada ya raundi nne

Hiyo pedali ya breki ya Mazda MX-5 yako kuzama baada ya raundi nne pale Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari Uingereza, inaelekea sio masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) kaka, usikimbilie kununua, yaelekea ni mafuta ya breki yamechemka. DOT 4 mpya (daraja la mafuta ya breki) inatakiwa ivumilie angalau digrii 230 ila inanyonya unyevu wa hewani, ikizeeka inaweza kuchemka hata kwenye 155 hivi, mapovu yanajaa kwenye paipu ndo unakanyaga hewa. Yangu nilivyoyamwaga yalikuwa kama chai ya rangi! Weka mapya, toa hewa kwenye paipu za breki za magurudumu yote, angalia na pedi za breki. Raundi ya mwisho endesha taratibu breki zipoe, na ukipaki usivute hendibreki zikiwa za moto, tia gia tu.