Mwanangu, kuhusu zaka uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona si wa kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Umeuliza mambo mawili. Fungu la kumi la huo mshahara wako mpya litoke kabla ya makato au baada? Na la pili, ambalo naona ndilo linalokukereketa: mimi na mamako tumelipa kanisa pesa zetu na Jumamosi zetu tangu hujazaliwa, je, tumepata nini?

La kwanza nalimaliza upesi. Mimi nilitoa kwa kilichofika mkononi. Serikali ikishakata kodi, NSSF, ile asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba, hizo si zako tena. Utakutana na mhubiri wa kukwambia kwamba ukifanya hivyo umemwibia Mungu, naye atakufungulia Malaki 3. Mwombe asome pia mwisho wa Kumbukumbu la Torati 14, ambapo zaka ya kila mwaka wa tatu inawekwa mjini ili wale na kushiba Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Sura hiyo huisikii sana Jumapili ya harambee.

Halafu kuna nyanyako kule Rabai na dawa zake za presha. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni korbani, imeshawekwa wakfu, ndipo wapate kutowasaidia wazazi wao. Kwa hiyo nyanyako kwanza. Kasisi akiuliza, mpe nambari yangu.

Sasa hilo la pili. Unakumbuka ulivyokuwa ukilia njaa nje ya chumba cha kasisi huku sisi tumejifungia ndani tukihesabu sadaka? Kikapu kinamwagwa mezani. Noti za mia zimekunjwa na kukunjwa tena mpaka zimekuwa kama peremende, nyingine bado zina unyevu wa jasho, na joto la Februari hapa kwetu walijua. Wawili wanahesabu, wa tatu anaandika, kisha wote tunatia sahihi. Oktoba 2019, siku ya mwisho ya noti za zamani za elfu ilikuwa imeshapita, 30 Septemba, nasi tukazikuta kikapuni. Mtu kachelewa benki, akaona Mungu hatazikataa! Tulicheka mpaka mlinzi wa kanisa akaja kugonga mlango. Mwaka uliofuata makanisa yakafungwa kwa korona, watu wakazoea kutuma kwa M-Pesa, na kikapu hakijarudia uzito wake.

Meza ile ndiyo iliyonifunza kutoa. Niliona bahasha nono za watu wanaopenda kutajwa, nikaona na shilingi ishirini za mama muuza mahamri ambazo hazikukosa hata Jumapili moja. Na kwa kuwa nilijua kila shilingi imeingia wapi na imetoka kwenda wapi, kutoa kwangu hakukunipa wasiwasi. Nawe huko Nairobi, kabla ya kulipa zaka popote, hudhuria mkutano wa mwaka usikie hesabu zikisomwa. Kanisa lisilosoma hesabu usiligombeze, ila pesa zako mpelekee mgonjwa unayemjua.

Hizi harambee za kuitwa mbele kwa kipaza sauti, elfu kumi wasimame huku, elfu tano kule, sizipendi. Jirani yetu Mwislamu kila Ramadhani hukaa na kalamu, apige asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima, na kabla ya futari gunia la mchele limeshaingia kwa mjane wa nyuma bila mtu kutangaza. Namwonea wivu kidogo. Wewe usikope kwenye simu ili usimame na wa elfu kumi.

Lakini muda, mwanangu, ndio mgumu. Pesa unaituma ukiwa kitandani. Kuna Jumamosi moja zamu yetu ya kutembelea wagonjwa ilitupeleka hospitali ya Coast General, tukamkuta mzee asiye na mgeni. Nikafungua kitabu cha sala. Akaniambia maombi ameshaombewa ya kutosha, anachotaka ni kunyolewa ndevu. Nikashuka kununua wembe na sabuni, nikamnyoa polepole kwa maji ya kikombe, mkono ukinitetemeka maana sijawahi kunyoa mtu. Alipojishika shavu akauliza bei. Zaka zangu za mwaka ule sizikumbuki ni kiasi gani.

Waliosali hapa Frere Town, Mombasa, mwanzo kabisa, miaka ya 1870, wengi walikuwa wametolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mshahara wa kupigia fungu la kumi hawakuwa nao. Walikuwa na mikono.

Unasema tungekuwa na nyumba yetu. Pengine. Ila usiisingizie sadaka peke yake, karo zenu mlizila wenyewe.

Tafuta kazi moja hapo kanisani kwako, ndogo, isiyo na kipaza sauti, ifanye mwaka mzima kisha unieleze. Na dawa za nyanyako zinaisha Ijumaa. Tuma kwa nambari ya mamako, zaka ingoje mwisho wa mwezi.

Babako